Uzoefu wangu na darasa la video lililoahidi kuheshimu ukimya wetu

Mkufunzi aliisimamisha video yangu ilipofika sekunde ya sita, akauliza mbele ya darasa zima mwenye kazi ile yuko wapi na kwa nini anajificha. Ninaanzia hapo kwa sababu yote mengine nitakayoyasema kuhusu huduma hii, mazuri na mabaya, nayasema nikiwa bado na uchungu wa dakika zile, na msomaji ana haki ya kulijua hilo kabla hajaamua aniamini kwa kiasi gani.

Huduma yenyewe ni mafunzo ya mtandaoni ya kutangaza biashara kwa video, yaliyotengenezwa, kwa maelezo ya wenyewe, kwa ajili ya wafanyabiashara wakimya: wale ambao kazi wanaiweza, wateja wanawaheshimu, lakini kusimama mbele ya kamera na kuchangamka kwa dakika nzima kunawachosha kuliko kazi ya siku nzima. Kuna masomo yaliyorekodiwa, na kuna kikao cha mubashara wanachokiita kliniki, ambamo washiriki huwasilisha video zao zikakosolewa. Tangazo lilisema wazi kwamba hakuna atakayelazimishwa kuonyesha uso wake wala kuzungumza mubashara. Nililipa kwa sababu ya sentensi hiyo.

Mimi ni fundi saa. Video niliyoiwasilisha ilionyesha mikono yangu ikifungua mgongo wa saa ya mkono iliyoingia maji, na sauti yangu ikieleza kwa nini saa ya namna hiyo isiachwe ikauke yenyewe. Katika sekunde ya tisa kibano kinachomoa kile kijiti cha chuma kinachotoka kwenye kitufe cha kujazia kuingia ndani ya saa, na mtazamaji anaiona kutu kwa macho yake, imekizunguka chuma mahali ambapo kwa nje saa ilionekana safi kabisa. Hiyo kutu ndiyo iliyokuwa hoja yangu yote. Mtu akishaiona hahitaji kushawishiwa tena. Anakwenda kuitafuta saa yake iliyolala kabatini tangu ilipolowa. Mkufunzi hakuiona, kwa sababu alisimamisha video sekunde tatu kabla.

"Dada, washa kamera tukuone," alisema. Nilimwandikia pale pale penye kisanduku cha ujumbe: "Mwalimu, nashukuru, ila naomba nipokee maoni yangu na kujibu kwa maandishi." Aliusoma ujumbe huo kwa sauti, kisha akawauliza wenzangu kama wangethubutu kukabidhi saa waliyoachiwa na marehemu baba yao kwa mtu asiyethubutu kuonyesha hata uso. Mshiriki mmoja aliandika kwamba yeye angeikabidhi kwa ile mikono aliyoiona sasa hivi. Ujumbe wake ulipita kwenye skrini bila kujibiwa. Mkufunzi akaendelea kusema kwamba mteja hanunui mikono, ananunua uso, na kwamba mtu anayeuficha uso wake huwa ana jambo jingine analolificha. Niliondoka kikaoni wakati huo. Sikuwa na la kumjibu mtu aliyekwisha kunihukumu kwa udanganyifu bila kuitazama kazi yangu hadi mwisho.

Kilichonikera zaidi ya ukali wake ni kwamba mtu anayewafundisha watu wakimya haelewi ukimya ni nini. Alizungumza muda wote kana kwamba tunaumwa ugonjwa wa woga na yeye ndiye mganga wetu. Kuona haya ni hofu ya kuhukumiwa na watu, na mtu mwenye haya anaweza kabisa kuwa mpenda makundi ambaye hofu inamzuia. Ukimya ninaouzungumzia ni jambo lingine. Mwanasaikolojia Carl Jung, alipozieleza tabia ya ukimya na ya uchangamfu mwaka 1921, alizitofautisha kwa kuangalia nguvu za mtu huelekea wapi, ndani au nje, na hakuitaja hata moja kuwa kasoro inayohitaji tiba. Mimi siwaogopi wateja. Nazungumza nao mmoja mmoja mchana kutwa, nawaambia ukweli kuhusu saa zao hata pale ukweli unapowauma, na wengine tumezoeana kwa miaka mingi. Kinachonimaliza ni kujifanya nina furaha ambayo sinayo mbele ya lenzi isiyonijibu. Mtu anayeuza mafunzo kwa kundi hili alipaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya kutengeneza tangazo.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Masomo yaliyorekodiwa, na hasa yale ya mwalimu wa sauti, ni bora kuliko yoyote niliyowahi kuyapata. Mwalimu huyo haonekani usoni katika somo lake hata moja, na hilo peke yake lilinipa moyo. Anaanza kwa kueleza kwamba mtazamaji huvumilia picha yenye kasoro lakini sauti mbovu humfukuza mara moja, halafu anafundisha namna ya kuipata sauti safi bila studio: urekodi maelezo peke yake, baada ya kupiga picha, katika chumba kidogo chenye mapazia na nguo nyingi, kwa kuwa kitambaa hufyonza mwangwi ambao kuta tupu huurudisha, na uweke maikrofoni karibu na mdomo, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi kama "p" na "b" isiigonge. Alitufundisha pia kuandika maelezo kwa sentensi fupi zinazoweza kusemwa kwa pumzi moja. Kwangu mimi hilo lilikuwa ukombozi, kwa sababu nikiandika kwanza nasema ninachokimaanisha, na nikiambiwa nibuni papo hapo nasema lolote ili mradi niyamalize.

Kutoka kwake nilijifunza kuifunga simu juu ya meza ikitazama chini, kuiacha taa ije kutoka ubavuni ili meno ya magurudumu yaonekane yakiwa na kivuli, na kushikilia kidole kwenye skrini hadi simu ikubali kutobadilisha mwanga wala umakini wa lenzi kila mkono unapopita. Kabla ya hapo picha zangu zilikuwa zikififia na kung'aa zenyewe bila mpangilio. Alisisitiza maandishi ya maelezo yawekwe chini ya picha, kwa kuwa watu wengi hutazama video wakiwa mahali ambapo hawawezi kufungulia sauti. Na alinionyesha namna ya kuisoma ile grafu ya YouTube inayoonyesha watazamaji huondoka wapi. Zamani nilianza kila video kwa salamu na kujitambulisha, na grafu ilionyesha mteremko mkali hapo hapo. Nilipoanza kwa kuonyesha tatizo, saa imesimama na mkono unaigeuza, mteremko ule ukawa mdogo.

Somo moja lilihusu kurekodi mlio wa kazi yenyewe. Saa nyingi za mkono za kisasa zenye springi hupiga mara nane kwa sekunde, na ukiisogeza maikrofoni karibu na saa iliyotoka kusafishwa unasikia mpigo uliojipanga sawasawa, tofauti kabisa na ule unaochechemea wa saa chafu. Niliweka milio hiyo miwili mfululizo, ya kabla na ya baada, nikasema maneno machache tu. Wateja waliokuja baada ya video hiyo walikuja wakiwa wanajua wanachokitaka, na baadhi yao walianza mazungumzo kwa kuniambia saa zao zinalia kama ule mlio wa kwanza. Hakuna aliyeniuliza sura yangu ikoje.

Kwa sababu ya hayo yote, hasira ilipopoa kidogo, nilikuwa nimekusudia kuipa huduma hii nyota nne na kuandika tu kwamba mkufunzi mmoja ajirekebishe. Nilijiambia kwamba mtu anaweza kuamka vibaya, na kwamba si haki kuliangusha darasa zima kwa ulimi wa mtu mmoja.

Kisha nikagundua kwamba kikao kile kilikuwa kimerekodiwa na kuwekwa katika maktaba ya masomo, ambako kila mwanachama, wa sasa na atakayekuja, anaweza kukifungua. Jina langu linaonekana hapo, na ombi langu la kujibu kwa maandishi linasikika likisomwa kwa sauti ya mzaha. Niliwaandikia huduma kwa wateja nikiwaomba wakikate kipande changu, na nikawawekea ile sentensi ya tangazo lao. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa la heshima kwa maneno tu: walinishukuru kwa ujasiri wangu, wakasema kwamba hofu yangu ndiyo somo lenyewe na itawasaidia wengine, wakanikaribisha kwenye kliniki inayofuata ili nionyeshe maendeleo. Kuhusu kukikata hawakusema chochote. Niliandika tena, na hadi ninapoandika haya kipande kipo pale pale.

Hapo ndipo ninapoondoa nyota zangu. Ukali wa mkufunzi ningeweza kuuita tabia ya mtu mmoja, lakini kuichukua aibu ya mteja aliyelipa, kuiweka rafuni na kuiuza kama somo ni uamuzi wa kampuni. Kukosolewa hadharani kunamuumiza yeyote, na mtu mkimya aliyeahidiwa faragha huumia mara mbili. Ninawafikiria wale watakaoitazama rekodi ile kabla hawajawasilisha video yao ya kwanza, fundi cherehani mwenye mkono wa ajabu au mtu anayefundisha hesabu kwa utulivu, wakaamua kuacha kabisa.

Anayetaka bado kujiunga, na sitamlaumu kwa sababu masomo ya sauti yanastahili, ajiandikishe kwa jina la biashara badala ya jina lake, atazame masomo yaliyorekodiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na asikanyage kliniki. Akitaka kukosolewa, ampe video yake mteja mmoja wa zamani anayemwamini na amuulize ni wapi alichoka kutazama. Naacha nyota mbili, zote kwa ajili ya mwalimu wa sauti. Kampuni ikikifuta kipande kile na kuniandikia kwamba kimefutwa, nitarudi hapa kuandika kwamba kimefutwa, ila nyota zitabaki mbili hadi kliniki ile ipate mkufunzi mwingine.