Kalamu "haifutiki" ilivyoniharibia mchoro

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, leo naitoa. Kama mwezi uliopita hivi niliingia duka moja la vifaa vya shule na ofisi Kariakoo kutafuta kalamu za ncha nyembamba za kuchorea. Nilizozizoea, Pigma Micron za Sakura, zilikuwa zimeniishia. Kijana wa kaunta akanitolea nyingine, hazina jina ninalolijua, ila namba ni zilezile: 01, 03, 05. Nikamuuliza, wino wake unahimili maji? "Dada, hiyo haifutiki, chukua." Nikachukua tatu, na daftari la michoro juu.

Nilikuwa nachora mlango wa Mji Mkongwe, kutoka kwenye picha niliyoipiga mwenyewe Unguja: njumu za shaba, na fremu iliyonakshiwa mnyororo toka chini mpaka juu. Pete za ule mnyororo nilizichora moja moja kwa 01, ambayo kwa zile za Sakura ni milimita 0.25. Jioni mbili nzima, shingo inauma. Nikauacha ukauke usiku kucha. Asubuhi nachovya brashi kwenye rangi ya maji ya kahawia, napitisha mara moja tu: weusi ukayeyuka, ukageuka zambarau kama muhuri uliolowa. Pete zote za upande wa kushoto zikawa uji.

Nikarudi dukani na mchoro mkononi. Kijana hata hakuutazama. "Sasa dada, kalamu na maji wapi na wapi? Si inaandika?" Mwenzake akacheka. Pesa sikudai. Nilitaka mtu aseme pole, basi.

Muuza kalamu anapaswa kulijua hili: wino wa pigimenti una chembe za rangi zinazong'ang'ania karatasi, ukishakauka maji hayaung'oi. Huu mwingine rangi yake imeyeyushwa, ukiulowesha inayeyuka tena. Siku hizi kabla ya kulipa naomba kikaratasi, napiga mstari, nasubiri dakika moja, nalowesha kidole napitisha. Muuzaji akikataa, naondoka.

Daftari, nisiseme uongo, ni zuri. Gramu 200, karatasi laini isiyokula ncha, wino haukupenya upande wa pili, na pale nilipohangaika kufyonza ile zambarau kwa tishu halikuchubuka. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ingetoboka. Kwa daftari peke yake ningewapa nyota nne, na nilishaanza kuwaza kwenda kuchukua la pili.

Lakini kila nikilifungua, ukurasa wa kwanza ni ule mlango. Hapana, nyota moja, na hiyo moja ni ya daftari. Labda nimtume mdogo wangu akaninunulie. Mimi pale sikanyagi, mpaka yule kijana aniombe radhi.