Rangi za mkono mmoja kwa raia wa mezani: nunua chupa, acha boksi

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo askari wamebaki kabatini. Hapa mbele nimepanga raia: mama na kikapu chake, mzee wa mkongojo, mhunzi, muuza samaki, watoto wawili, na huyu bwana mwenye kitambi ambaye mimi nimeshaamua ni mwenye nyumba ya wageni. Ni vijisanamu vya chuma vya michezo ya vita ya mezani, kipimo cha milimita 28, yaani takriban urefu wa mtu mzima mmoja, mavazi ya Ulaya ya mwishoni mwa miaka ya 1700. Ila tunaokwenda kuwachambua si wao. Ni hizi chupa hapa pembeni, rangi za mkono mmoja.

Kwa ambaye hajazishika bado: hii ni akriliki nyepesi inayopitisha mwanga. Unaipaka mara moja juu ya rangi ya msingi nyeupe au ya kijivu hafifu, nayo inateremka yenyewe kwenye mikunjo ya nguo na kuacha sehemu zilizoinuka zikiwa angavu. Kivuli na mwanga unavipata kwa mpako mmoja. Kampuni ya Games Workshop walitoa za kwao kwa jina la Contrast mwaka 2019, baadaye The Army Painter wakaja na Speedpaint, nao Vallejo wakaja na Xpress Color. Ninayoyasema leo ni ya aina nzima, sizungumzii kampuni moja.

Sasa, kwa nini nizijaribu kwa raia? Rangi hizi zinauzwa kwa ahadi ya kasi, na sisi tukisikia kasi tunafikiria jeshi. Lakini kikosi chenye sare kina kasi yake hata kwa rangi za kawaida: unashika buluu, unapaka makoti yote, unashika nyeupe, unapaka suruali zote, umemaliza. Raia hawakubali utaratibu huo. Kila mmoja ana nguo zake, na kwa kila sketi unafungua chupa nyingine. Ndiyo maana kwenye michezo mingi utaona majeshi yamepakwa mpaka vifungo, halafu wakimbizi wanaoziba barabara ni chuma kitupu. Kwa hiyo mimi nasema hapa ndipo rangi hizi zilipaswa kung'ara.

Zimeng'ara, na hilo ndilo tatizo. Tazameni huyu mama wa kushoto. Nimempaka kijani, nyekundu na zambarau kama zilivyotoka chupani. Mikunjo imekaa vizuri, hakuna ubishi. Lakini ni mwanamke wa kijijini wa mwaka 1790, na zambarau kali namna hii hakuwa na pa kuipata. Rangi ya kutengenezwa maabara iliyoanzisha mambo haya ni ile ya William Henry Perkin, London, mwaka 1856. Kabla ya hapo nguo ya mtu wa kawaida ilitiwa rangi ya mimea. Nyekundu ilitoka kwenye mizizi ya rubia, na ni nyekundu ya tofali. Buluu ilikuwa ya nili, ikifuliwa sana inapauka. Kijani kilihitaji kuchovya mara mbili, njano na buluu, na kwa kuwa njano ndiyo iliyotangulia kufifia juani, kijani kikizeeka kilielekea buluu. Nyeusi nzuri ilikuwa ghali, na ya bei nafuu iligeuka kahawia. Hapo katikati ni sufu isiyotiwa rangi na kitani kisichopaushwa. Mengi sana ya hayo.

Ukiliangalia boksi la seti, yaani rangi nyingi zinazouzwa pamoja, kwa jicho hilo, nusu yake haina kazi kwa kijiji chetu. Limepangwa kwa ajili ya mazimwi na wachawi, na kwa mazimwi ni zuri sana.

Dawa yake ipo, na ni rahisi. Chukua kahawia moja. Tone la kahawia kwenye kila rangi nyingine kabla haijagusa kijisanamu, kisha kimiminika cha kuzimulia, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya rangi hizi, si maji. Maji yakizidi, rangi inakatika na kuacha madoa yenye ukingo. Huyu mama wa kulia ni kijisanamu kilekile, chupa zilezile, ila kila rangi imepata tone lake la kahawia. Mnaona? Huyu ameshafua nguo zake. Na kuna faida ya pili ambayo mimi naipenda zaidi: kahawia ile ikiwa ndani ya kila vazi, umati mzima unashikana. Ukiwa umesimama hatua moja kutoka mezani unajua papo hapo hawa ni raia na wale ni askari, bila kusoma kadi yoyote. Kwenye mchezo hilo lina uzito, maana mtu asije akamsogeza muuza samaki akidhani ni mpiga bunduki.

Kahawia hiyohiyo mimi huizimua kwa viwango tofauti. Nzito ni viatu na mkanda, ya kati ni koti la mzee, nyepesi kabisa ni sufu ghafi ya mtoto. Chupa moja, watu watatu, na hakuna aliyevaa sare.

Zinaposhindwa ni kwenye kitani. Aproni pana, kitambaa cha kichwani, mikono ya shati: sehemu bapa zisizo na mikunjo, rangi inakusanyika chini na kukauka kama mtu amemwagikiwa chai. Hapo rudini kwenye akriliki ya kawaida, mipako miwili myembamba, msingi wa rangi ya mchanga na juu yake nyeupe iliyotiwa rangi nyingine kidogo kupunguza ukali. Nyeupe tupu msiitumie, itaruka machoni. Nyuso ni kinyume chake. Mzee mwenye makunyanzi anapendeza kwa mpako mmoja tu, lakini huyu mtoto mwenye mashavu laini alitoka kama anaumwa surua, ikabidi nimrudie.

Msingi upulizwe hivi: nyeusi kwanza kila mahali, ikauke, kisha nyeupe kutoka juu tu. Kwa kuwa rangi inapitisha mwanga, giza la chini linabaki chini ya kofia na ndani ya mikunjo, na kazi nusu imeshafanyika. Ila itafifisha rangi kidogo, na kwa raia wetu hiyo ni heri.

Jaribio moja kabla hamjapaka kijiji kizima. Pakeni kidogo kwenye chuma chakavu, kikauke vizuri, pitisheni brashi yenye maji. Rangi ikiamka na kusogea, basi msipake kitu juu yake kabla ya vanishi. Baadhi huamka, baadhi hazisogei. Na vanishi iwe isiyong'aa, tena muhimu zaidi kwa chuma, kwa sababu rangi nyembamba huchubuka puani na kwenye ukingo wa kofia kwa kushikwashikwa tu.

Hukumu yangu: boksi la seti, hapana. Chupa tano za kuchagua mwenyewe: kahawia ya udongo, nyekundu ya kutu, buluu ya nili, njano ya haradali, na moja ya ngozi. Ongezeni kimiminika cha kuzimulia, chupa kubwa, mtakimaliza kabla ya rangi yoyote. Kijani changanyeni wenyewe kutoka njano na buluu. Anayepaka mabepari wa mjini na hariri zao, atafute pia nyekundu kali na nyeusi. Anayepaka watu wa 1900 na kuendelea, hili la mimea halimhusu tena, viwanda vilishabadilisha kila kitu, ila lile tone la kahawia asiliache.