Tyubulaiti au LED za dari kwenye jengo la biashara? Ulizia dariva kwanza

Kwa jengo linalowasha taa kutwa nzima tyubulaiti imeshapitwa na wakati, hilo sibishani na mtu, ila wadau wengi wakifika dukani wanaulizia wati na bei basi, wakati kinachoamua hela yako imeenda wapi ni kale kaboksi kadogo kanakoitwa dariva, kanakopokea umeme wa ukutani na kuipa LED umeme inaoutaka. Nasimamia jengo la ghorofa tatu hapa Dar, chini fremu za maduka juu ofisi, na taa za aina zote mbili, tyubu na LED, nimekaa nazo vya kutosha.

Tuanze na Luku maana ndo inayouma. Zile fitingi za tyubu mbili za futi nne, kila tyubu imeandikwa wati 36, mtu anapiga 72 anaona kamaliza hesabu, anasahau choki nazo, vile vifaa vya ndani ya fitingi vinavyodhibiti umeme wa tyubu, zinakula, ukijumlisha unakaribia wati 90. Paneli ya LED ya sentimita 60 kwa 60 inakula kama 40 na mezani mwanga unatosha kabisa, sababu tyubu inamwaga mwanga pande zote na mwingine unapotelea humohumo kwenye bati la fitingi, LED yenyewe inaangalia chini tu. Wati 50 hizo ukiwasha saa 10 kwa siku ni nusu uniti, siku 26 za kazi ni uniti 13, na uniti ikienda karibu shilingi 356 inakuja kama 4,600 kwa fitingi moja kwa mwezi. Zidisha na taa za ghorofa nzima uone. Na hapo sijagusa AC, maana joto la zile taa linabaki humo ndani halafu AC ndo inahangaika kulitoa.

Sema tyubu ina ustaarabu wake, ikitaka kufa inaaga. Ncha zinakuwa nyeusi, inaanza kupepesa, unabadili stata, ikigoma unabadili tyubu, mlinzi mwenyewe anapanda ngazi anamaliza. LED ikifa imekufa. Boksi limeandikwa masaa 50,000 ila hayo ni ya zile chipsi za mwanga, dariva haifiki huko, hasa hizi za bei chee. Nilifungua moja iliyokufa hata mwaka haijamaliza, kapasita imevimba kichwa, bodi pembeni yake imeungua imekuwa kahawia. Joto lile! Ghorofa ya juu kati ya siling bodi na bati mchana hapashikiki, halafu umeme ukikatika unarudi kwa kishindo, dariva ya kubangaiza itavumilia nini sasa. Ndo maana mimi nachukua paneli ambayo dariva iko nje na inachomoka, ikifa nanunua dariva peke yake, muhimu miliampia na volti zifanane na ya zamani. Zile ambazo kila kitu kimegandishwa ndani unatupa taa nzima, yaani hasara.

Mwanga wenyewe sasa. Tyubu ya choki ya zamani inapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kuna watu kichwa kinawauma, na LED feki nazo zina tabia hiyohiyo. Washa kamera ya simu uisogeze kwenye taa, ukiona mistari minene inatembea achana nayo. Halafu msiweke deilaiti ya kelvini 6500, ule mweupe wa kibuluu, kila mahali jamani, ofisini 4000 inatosha. Mpangaji wangu wa vitenge alilalamika wateja wanatoka nje wanarudi na kitambaa, dukani damu ya mzee nje rangi nyingine, nikamwekea zenye Ra ya 90 (Ra ni kipimo cha taa inavyoonyesha rangi halisi, mwisho wake 100) kelele zikaisha. Za bei chee nyekundu zinaionea sana.

Kuna wanaotaka njia ya mkato, kuchomeka tyubu za LED kwenye fitingi zilezile. Inawezekana na ni nafuu, ila soma karatasi yake. Kama choki ni ile nzito ya sumaku, nyingi unatoa stata unaweka ile iliyokuja kwenye boksi inawaka. Kama ni ya kielektroniki mara nyingi fundi inabidi aipite kabisa alete umeme moja kwa moja kwenye holda, na hapo lazima abandike lebo kwenye fitingi, maana atakayekuja kesho na tyubu ya kawaida mkononi hajui humo kuna nini. Mafundi wetu lebo hawabandiki, simama naye mpaka abandike.

Na tyubu zenyewe zinaondoka sokoni. Novemba 2023 kule Geneva nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa zebaki, zilikubaliana mwisho wa kuzitengeneza na kuziuza nje uwe 2027, na nchi za Afrika ndo zilikuwa mbele kulidai hilo. Ndani ya kila tyubu kuna zebaki kidogo, kwahiyo ukizitoa usizivunjevunje ziingie kwenye kiroba, zirudishe nzima kwenye maboksi marefu ya tyubu.

Mimi nimebadilisha maduka, ofisi na korido, korido ndo kwanza maana zinawaka mpaka usiku. Stoo na chumba cha jenereta sijagusa, taa zinawashwa dakika chache kwa siku, paneli ya pale hairudishi hela yake leo wala kesho. Zitabaki tyubu mpaka zife zenyewe, na spea nazitoa kwenye zile nilizoshusha juu.