TAHADHARI wana-Lubumbashi: wakala wa viza ya kusoma Kiingereza alivyomwachia mdogo wangu jina chafu

Wazazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na ninyi vijana mnaotafuta njia ya kwenda kusoma Kiingereza ng'ambo, naomba mnisome kabla hamjatoa hata franka moja.

Kuna mtu hapa mjini anayejiita wakala wa viza za wanafunzi. Jina lake silitaji, kwa kuwa shauri liko parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na mwanasheria ametuomba tulinyamazie kwanza. Ila namna anavyofanya kazi naweza kuieleza, na ukishaijua utamtambua hata akibadilisha namba ya simu. Alitula dola 2,350. Naanza na pesa kwa sababu ndilo swali ambalo kila mtu ananiuliza, lakini si pesa iliyoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni karatasi aliyoitia kwenye dosye (faili la maombi) ya mdogo wangu bila sisi kuiona.

Mdogo wangu ana diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na anafanya kazi na deklaran mmoja, wakala wa forodha, wa Kasumbalesa mpakani. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa Kiingereza kinatafutiwa nini. Ukivuka kizuizi tu, uko Zambia, na karatasi zote za malori ya shaba zinageuka lugha. Kila ikija barua ya Kiingereza, kijana anaipiga picha na kumtumia binamu yetu aliyesoma Ndola, halafu anakaa kusubiri majibu huku bosi amemkodolea macho. Amefanya hivyo miaka miwili. Siku moja akaniambia: "Yaya," ndivyo huku tunavyomwita kaka mkubwa, "nipate miezi tisa tu ya kusoma lugha, nitarudi mtu mwingine." Mama akauza mzigo wa vitenge kwenye soko la Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, mimi nikawaomba wenzangu wa likelemba (mchezo wa kupeana pesa kwa zamu) wanipe zamu mapema.

Ofisi ilikuwa ghorofani, safi, na kiyoyozi. Ukutani bendera ya Uingereza, ya Kanada, ya Malta, na picha za vijana wenye mabegi kwenye uwanja wa ndege. (Baadaye nilizikuta picha mbili kati ya hizo kwenye intaneti, zimepigwa Brazil.) Bwana mwenyewe ni mpole, anakuita Papa hata kama umri wenu ni mmoja. Alitazama diploma, akaifunga, akasema: "Papa, huyu mutoto ni kwenda tu. Kazi yenu ni kuomba Mungu na kulipa."

Tukalipa. Dola 100 za kufungua dosye. Dola 450 za kushika nafasi shuleni. Dola 1,200 za viza. Halafu dola 600 za kitu alichokiita "kuipa benki nguvu." Zote zilikwenda kwa simu, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mwanamke ambaye hatujamwona mpaka leo.

Sasa nieleze yale niliyoyajua nikiwa nimechelewa, maana ningeyajua mwanzo ningetoka ile ofisi kabla ya soda kwisha.

Alituahidi viza ya miezi 12 yenye ruhusa ya kufanya kazi saa 20 kwa wiki, "atajilipia mwenyewe akifika." Uingereza haina kitu kama hicho kwa mtu anayekwenda kusoma lugha peke yake. Anayekwenda kwa kozi ya Kiingereza ya kuanzia miezi 6 mpaka 11 anaomba viza ya masomo ya muda mfupi, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi hata saa moja, hata ya bure. Haiongezwi muda ukiwa kule, na huwezi kumchukua mke wala mtoto. Kozi isiyozidi miezi 6 inaombewa viza ya mgeni wa kawaida. Zile saa 20 ni za wanafunzi wa viza nyingine kabisa, wanaosomea shahada. Kwa hiyo wakala akikutajia kozi ya lugha na kazi katika sentensi moja, ujue unauziwa ndoto.

Ada nayo. Mwaka 2025 ada ya viza hiyo ya masomo ya muda mfupi ilikuwa paundi 214, yaani haifiki dola 300, na juu yake kuna mchango wa huduma za afya. Vyote unavilipa mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na unapata uthibitisho kwa barua pepe yako. Sisi tuliletewa risiti yenye mhuri wa duara, wino wa bluu, imeandikwa kwa Kifaransa. Serikali ya Uingereza ikuandikie risiti kwa Kifaransa! Nilikuwa nayo mkononi na sikushtuka.

Kipimo cha kifua kikuu alisema "hiyo nimeshapanga." Kongo yetu iko kwenye orodha ya nchi ambazo mtu wake akienda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 lazima awe na cheti cha kipimo hicho, na cheti kinatoka kwenye zahanati zilizokubaliwa na Uingereza wenyewe. Mdogo wangu hajawahi kupigwa picha ya kifua maishani mwake. Cheti cha nani basi kiliwekwa mle ndani? Sijui mpaka leo.

Lakini tufike kwenye benki, maana hapo ndipo alipotuzika.

Alisema akaunti ya mama "haina nguvu." Ni kweli haina. Pesa ya mama iko kwenye vitenge na kwenye madeni ya wateja, kama mama wengi wa soko. Akasema kwa dola 600 atapanga hati ya benki itakayowaridhisha. Nilimwuliza: pesa hiyo ni ya kuweka kwenye akaunti kisha irudi? Akacheka kidogo: "Papa, hiyo ni siri ya kazi." Nami nikanyamaza. Ndugu zangu, nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi. Mtu mzima anaambiwa na mtu mwingine kwamba ndani ya dosye ya mdogo wake kuna siri, naye anaitikia kwa kichwa.

Fomu ilijazwa ofisini, kwenye kompyuta yake, kwa barua pepe aliyoifungua yeye mwenyewe na neno la siri analolijua yeye peke yake. Kijana aliambiwa asome ukurasa wa mwisho na kubonyeza kukubali. Ukurasa huo, nimekuja kuelewa, ndipo mwombaji anapothibitisha kwamba yote yaliyomo ni kweli. Alithibitisha vitu ambavyo hakuwahi kuviona. Kisha tukanunua tiketi ya ndege, akaenda Kinshasa kutoa alama za vidole, maana hilo mtu hafanyiwi na mwingine, na kutoka hapa hakuna njia nyingine ya maana isipokuwa ndege. Alikaa siku tatu kwa shangazi Ngaliema, akarudi na furaha.

Halafu kimya. Wiki ya tatu: "Dosye iko kwenye meza ya mkubwa." Wiki ya sita: "Sistema yao imeanguka." Wiki ya kumi akataka dola 400 zaidi za "kusukuma." Mama alikuwa ameshazifunga kwenye kitambaa, zimekaa juu ya kabati zikisubiri nirudi kazini nizipeleke.

Jioni hiyohiyo msichana anayefanya kazi pale mapokezi alimtumia mdogo wangu ujumbe. Kumbe naye hajalipwa miezi minne. Aliandika hivi tu: "Musilipe tena. Angalia hii." Chini yake kulikuwa na barua ya uamuzi, kurasa tatu, na tarehe yake ilikuwa ya wiki saba nyuma. Wiki saba bwana yule alikuwa nayo kwenye simu yake huku akituambia meza ya mkubwa.

Mdogo wangu aliisoma sebuleni, kwa sauti ya chini, na kamusi ya simu pembeni. Ilikuwa barua ndefu ya Kiingereza ya kwanza aliyoisoma mwenyewe mpaka mwisho bila kumtumia binamu. Inasema hati ya benki ilihakikiwa, na benki ikajibu kwamba akaunti hiyo haipo. Inasema ametumia udanganyifu. Inasema maombi yake yajayo yanaweza kukataliwa kwa miaka 10. Ana miaka 23.

Hapo ndipo nataka kila mzazi asimame kidogo. Wakala hakuandikwa popote katika barua ile. Hana jina, hana alama za vidole, hana kosa. Aliyedanganya serikali ya Uingereza, kwa mujibu wa karatasi, ni mtoto wa mama yangu. Na jambo hili halibaki Uingereza. Fomu za nchi nyingi zinauliza kama umewahi kunyimwa viza, na huwezi kuficha, kwa sababu kuficha ni kosa jipya. Kanada wakikukamata na uongo kwenye maombi wanaweza kukufungia miaka 5. Marekani, uongo kwenye ombi la viza unaweza kukufungia maisha, mpaka uombe msamaha maalumu. Dola 2,350 tutazitafuta tena, Mungu akipenda. Miaka 10 inauzwa soko gani?

Baada ya hapo nilifanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza. Nilichukua jina la shule lililoandikwa kwenye ile barua ya kupokelewa, nikatafuta tovuti ya shule mwenyewe, nikaandika kwenye anwani iliyo pale na si ile iliyo kwenye barua. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, nikasaidiwa na binamu. Walijibu baada ya siku mbili, mistari mitatu: mwanafunzi huyo hatumjui, namba iliyo kwenye barua si yetu, hatujapokea malipo. Siku mbili, bila kulipa kitu! Na sisi tulikuwa tumemlipa mtu dola 450 ili atushikie nafasi ambayo haikuwepo.

Kwa hiyo, kwa yeyote ambaye bado ana nia, na nia si dhambi: shule za Kiingereza za Uingereza zinazokaguliwa na British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, ziko kwenye orodha iliyo wazi, mtu yeyote anaweza kuifungua. Andikia shule moja kwa moja. Barua yao ya kweli itataja kozi, muda wake na gharama yake. Anayetaka Marekani, ile fomu ya I-20, ya kuonyesha umepokelewa, inatolewa na shule yenyewe iliyoidhinishwa, ada ya SEVIS (mfumo wao wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni) ya dola 350 unailipa kwenye mtandao wao, na mahojiano ni wewe na afisa pale ubalozini Kinshasa; wakala haingii na wewe kwenye dirisha. Kanada, shule inayopokea wanafunzi wa kigeni ina namba yake kwenye orodha ya serikali, inaanza na herufi O. Hakuna binadamu anayeweza kukuhakikishia viza ya nchi yoyote kati ya hizi. Anayesema "asilimia mia moja" amekwisha kujitambulisha.

Barua pepe ya kwenye fomu iwe yako, na neno la siri liwe kichwani mwako. Nimeliacha hili mwisho lakini kwangu ndilo kubwa, kwa sababu kama majibu yangekuja kwenye simu ya mdogo wangu, tungejua wiki saba mapema. Na omba nakala ya kila karatasi inayopakiwa kwa jina lako. Akikataa kukuonyesha, chukua pasipoti yako uondoke, hata kama umeshalipa nusu.

Kuna watu wameniandikia kwamba si mawakala wote ni wezi. Sawa, sibishi, kuna mama mmoja Kampemba aliyemsaidia jirani yetu kujaza fomu, akachukua dola 30 na kumkabidhi kila kitu mkononi. Lakini yule hakuuza viza, aliuza kujaza fomu.

Kuhusu sisi: tumepeleka mashtaka, tuna ujumbe wote wa simu, risiti za kutuma pesa, na yule msichana amekubali kusema aliyoyaona. Mwanasheria anatafuta jinsi ya kuwaandikia Uingereza kueleza kilichotokea, ila hajatupa ahadi, na nimempenda kwa hilo. Mdogo wangu sasa anasoma Kiingereza jioni mara tatu kwa wiki hapahapa mjini na bado anakwenda Kasumbalesa.

Juzi nilipita pale chini. Ofisi iko wazi. Bendera ya Uingereza imetolewa, iliyobaki mbele ni ya Kanada tu, na kwenye ngazi kulikuwa na vijana watano na bahasha zao za kaki. Nilizungumza na wawili. Mmoja alisema pasipoti yake iko mle ndani tangu mwezi wa pili. Kama na yako iko pale, nenda asubuhi kabla ya saa tatu, yeye huwa hajafika, mwombe yule msichana wa mapokezi akufungulie kabati la chuma lililo nyuma ya mlango. Pasipoti ziko droo ya chini.