Unga wa Critical Care umemrudisha sungura wangu
Jamani huu unga wa kampuni ya Oxbow, chakula cha kumlishia sungura mgonjwa aliyegoma kula, naupa nyota 5. Sungura wangu aliamka hagusi majani, choo hapati, amejikunja tu kwenye kona, na sungura akikaa hivyo siku nzima unaweza kumpoteza sababu utumbo unasimama. Nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akahakikisha kwanza tumbo halijaziba maana likiziba humlishi kwa nguvu, akampa dawa ya maumivu. Unga nikakoroga na maji ya uvuguvugu nikawa namlisha kidogokidogo kwa bomba la sindano, pembeni mwa meno, usiku kucha aisee. Kesho yake vigololi vya choo vikatoka, nililia. Tafuta bomba la mdomo mpana, jembamba linaziba.