Duka la simu zilizotumika, Mtaa wa Aggrey: niliyoyakagua kabla ya kulipa

Mwaka jana nilinunua simu kwa kijana aliyenifuata kituo cha daladala, na baada ya majuma matatu ikajifunga yenyewe, kiooni kukiwa na tangazo la kudai marejesho ya mkopo ambao sikuwahi kuuchukua. Shilingi 180,000 zilipotea hivyo, na namba ya yule kijana haikupatikana tena. Kwa hiyo nilipotaka kumnunulia binti yangu Samsung iliyotumika, nilikwenda Kariakoo, katika duka dogo la Mtaa wa Aggrey nililoelekezwa na jirani, nikiwa nimejiandaa kukagua kila kitu hata kama muuzaji angenuna.

Hakununa. Alinipa simu ikiwa imewashwa, akaniacha nibonyeze *#06# mwenyewe. Simu ilikuwa ya laini mbili, hivyo zilitokea namba mbili za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu yenyewe, kila moja yenye tarakimu 15, nami nikazilinganisha tarakimu kwa tarakimu na zilizoandikwa kwenye boksi na zile za ndani ya mipangilio. Kisha nikatuma ya kwanza kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, na jibu likarudi likitaja Samsung na toleo lilelile nililokuwa nimelishika.

Huduma hiyo ya 15090 naipenda, lakini ni lazima mnunuzi aelewe inajibu swali gani. Wengi wetu tuliizoea wakati TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozifungia simu bandia mwezi Juni 2016, na kwa kazi hiyo inafaa sana, kwa sababu simu bandia iliyobandikwa namba ya simu nyingine huumbuka pale jina linalorudi lisipofanana na kilichopo mkononi. Simu halisi iliyoporwa jana jioni kwenye daladala, hata hivyo, bado ni Samsung halisi, na jibu litasema hivyo kwa haki kabisa. Mwenyewe huenda bado yuko polisi akitafuta taarifa ya upotevu ili mtandao wake uifungie. Siku itakapofungiwa, kubadilisha laini hakutakusaidia, kwa kuwa kilichofungiwa ni simu yenyewe. Anayekutwa nayo ndiye wa kwanza kuulizwa aliipata wapi.

Ndiyo maana sehemu ya ukaguzi niliyoithamini zaidi dukani humo haikuhusu namba. Nilimwambia muuzaji, "Kaka, naomba uiriseti hapahapa nikiona." Alifungua mipangilio, akanionyesha kwamba hakuna akaunti ya Google iliyosalia, akafuta kila kitu, kisha akaiunganisha na intaneti ya duka na kuiwasha upya. Tulisubiri kama dakika 10. Simu ambayo akaunti ya mwenyewe haikuondolewa, ikishafutwa kwa njia ya pembeni, huomba akaunti ileile ya zamani, na iPhone nayo hudai nenosiri la mmiliki wake. Hii haikuomba chochote, ikaniacha niendelee na akaunti ya binti yangu. Intaneti hapo ni ya lazima, kwa sababu simu nyingi za mkopo huonekana safi zikiwa nje ya mtandao, kisha programu ya mkopeshaji hurudi mara zinapounganishwa. Muuzaji anayesema, "Mama, utaiunganisha ukifika nyumbani," aachwe na simu yake.

Nilipouliza simu ilitoka kwa nani, muuzaji alitoa daftari kubwa lenye jalada gumu, akafunika mistari mingine kwa kiganja, akanionyesha mstari mmoja: tarehe, IMEI zote mbili, namba ya kitambulisho cha NIDA cha aliyeiuza, na sahihi yake. Risiti yangu nayo iliandikwa IMEI. Risiti isiyo na namba hiyo haithibitishi kwamba umenunua simu hii na si nyingine, na nawashauri wenzangu wasiipokee kwa namna yoyote.

Bei ilikuwa shilingi 280,000, juu kidogo kuliko nilivyotajiwa na wauzaji wa barazani, na sikuona sababu ya kulalamika. Lililonikera ni dhamana ya siku 7. Mtu anayeuza simu ya mkopo anaweza kulipa marejesho ya siku kadhaa mbele, ikaendelea kufanya kazi vizuri mikononi mwako hadi malipo yaishe, na mimi iliyonifungia ilichukua majuma matatu. Nilimweleza hayo muuzaji na kumwomba aandike siku 30. Alifikiri, akampigia mwenye duka, akakata ile 7 kwa kalamu, akaandika 14, akatia sahihi pembeni na kugonga mhuri.