Amani, Muheza: chozi alfajiri au chura usiku?

Ukipanda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, ukiwa na nafasi ya matembezi mamoja tu na mwongozaji, chagua ya usiku. Watu wengi huendea ndege mdogo aitwaye chozi, na ndege ndiye anayewachosha.

Chozi wa Amani ana sentimita 8 hivi na maisha yake yako juu kwenye vilele vya miti. Dume ana kichwa na mgongo wa kijani kilichokoza kinachong'aa, na tumbo jeupe. Wengi humchanganya na chozi wa kawaida mwenye tumbo la njano. Ukiona njano, siye. Mtafute Sigi, kwenye lango la hifadhi chini ya mlima, kuliko Amani kwenyewe. Saa 12 na nusu asubuhi uwe umeshasimama chini ya mti uliochanua, usubiri kundi la ndege mchanganyiko lipite. Anayezungukazunguka humkosa. Darubini ya 8x42, inayokuza mara 8, inafaa. Ya kukuza mara 10 hutikisika mkono ukichoka. Hata akitokea, mara nyingi utaona tumbo tu, kwa sekunde chache, shingo ikiuma.

Chura wa mtini mwenye macho makubwa hukaa karibu kabisa nawe, kwenye majani kando ya vijito. Toka saa 2 usiku, hasa mvua ikiwa imenyesha mchana. Tochi iweke kichwani au ubavuni mwa jicho, kamwe si kiunoni: mng'ao wa macho yake hurudi kulekule mwanga ulikotoka. Kuna wa kijani kibichi wenye michoro myeusi ubavuni mithili ya minyoo, na wa kahawia wenye pembetatu nyeusi mgongoni. Ni chura yuleyule. Muulize mwongozaji kama hao ni chura mmoja au wawili kabla hamjakubaliana, utajua kama anawafahamu. Ukisogea, tazama mboni: imesimama wima kama ya paka, na mwanga mkali huibana ikawa uzi. Punguza taa, itafunguka tena.

Usimshike. Dawa ya mbu iliyo mkononi hupenya ngozi yake. Viatu vilivyotoka msitu mwingine visuguliwe tope na kukaushwa kwanza, maana ukungu unaoua vyura husafiri humo.

Bei ya usiku ipatane mchana, getini, na msizidi watu wanne. Aliye Kenya anaweza kumpata chozi huyu msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani. Chura huyu hayupo nje ya milima ya Tanzania.